Barua Niliyompa Rafiki Anisomee

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini, baba wa watoto wanne, mkulima wa chai na ndizi karibu na Nyamache. Ukinikuta leo sokoni nimekaa kando ya mikungu yangu, huwezi kudhani kwamba kuna wakati watu waliacha kununua na kuuza ili wanitazame mimi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa mchekeshaji... na nilikuwa mzuri! Nasema hivyo bila kuona haya.

Wasomaji wenzangu, nimefuatilia mikasa yenu mnayoandika humu gazetini. Wengine mliachwa na wake, wengine mlidhulumiwa shamba na ndugu wa tumbo moja. Mimi niliibiwa sauti yangu. Mnashangaa mtu anaibiwaje sauti? Hata mimi sikujua kwamba jambo hilo linawezekana, mpaka siku niliposimama nje ya duka la watu na kujisikia nikizungumza ndani.

Lazima nianze na aibu yangu, maana bila hiyo hamtanielewa. Nilikuwa sijui kusoma.

Baba alifariki nikiwa mdogo, nikachukuliwa na amu yangu. Nilikaa darasa la kwanza miaka miwili, kisha ng'ombe wa amu wakanihitaji kuliko mwalimu alivyonihitaji. Herufi nilizotoka nazo shuleni hazikuzidi za jina langu, na hizo nazo nilizichora kama mtu anayechora jembe.

Lakini kichwa changu kilikuwa na uwezo mmoja. Nikisikia neno, nimelishika. Kanisani kwetu, siku ya Sabato, niliposikia fungu likisomwa asubuhi, mchana niliweza kusimama na Biblia imefunguliwa mikononi, nikalitoa neno kwa neno huku macho yakisogea kwenye mistari. Akina mama walitikisa vichwa kwa furaha. Mzee wa kanisa alimwambia mama yangu kwamba amezaa msomaji. Mama alilia... nami nikanyamaza!

Ningeanzia wapi kukiri baada ya hapo?

Nilipomuoa Kerubo, binti wa upande wa Nyamira aliyefika darasa la nne, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilinunua miwani kwa mchuuzi mjini Kisii. Haikunisaidia kuona chochote, ila ilinipa sababu. Kerubo akinipa karatasi nisome, nilisema macho yananiwasha. Nyakati nyingine nilileta gazeti la zamani, nikakaa mlangoni, nikamsimulia habari nilizozitunga mwenyewe... mwanamke wa Mombasa aliyejifungua watoto wanne kwa mpigo, fahali aliyeingia mahakamani. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nilijiona mjanja sana.

Mtu mmoja tu aliijua siri yangu. Jina lake Samweli.

Tulichunga pamoja utotoni. Baadaye yeye alisoma, akawa mwalimu wa shule ya msingi kule Magwagwa, ingawa hakusomea ualimu. Ndiye aliyesimama nami siku ya harusi. Aliniita omosani, yaani rafiki, na kwetu neno hilo halitolewi ovyo. Kila karatasi iliyonijia, iwe ya chifu, ya kiwanda cha chai au ya kanisa, niliiweka mfukoni mpaka nikutane naye. Alinisomea polepole. Wala hakuwahi kunicheka, na kwa hilo nilimpenda kuliko ndugu.

Uchekeshaji wenyewe ulianza kama mchezo tu. Kwenye banda la kukaushia pareto nilikuwa nikiwaiga watu... jinsi karani anavyopima mzigo huku akijikuna, jinsi mama mkwe anavyokataa chakula mara tatu kabla ya kula sufuria nzima. Watu walisahau kazi. Samweli alikuja siku moja akanitazama, akasema tutunge mchezo wa watu wawili.

Hapo ndipo alipozaliwa Bwana Koti.

Nilimtoa kwa amu yangu, ambaye aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai kule Kericho, akarudi na koti zito la mzungu na tabia ya kujua kila kitu. Amu alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kusema uongo. Alichanganya Kiswahili na Kikisii na maneno ya Kiingereza ambayo hakuna Mwingereza angeyatambua. Alipofariki nilirithi koti lake. Nikilivaa tu, mwili wangu unabadilika, kifua kinatoka, na kile kikohozi kinakuja chenyewe. Samweli alijifunga leso na kitambaa kichwani, akawa mke wangu, Bi Koti. Kazi yake ilikuwa kuniuliza maswali ya kawaida, na kazi yangu ilikuwa kuyajibu kwa uongo.

Miaka michache baada ya uhuru, ofisi ya maendeleo ilituchukua ili tuchekeshe watu kwenye mabaraza kabla ya hotuba. Leo tuko Nyamache, kesho Nyakoe, wiki ijayo Magwagwa. Tulichekesha juu ya vyoo, juu ya mbolea, juu ya kupeleka watoto kliniki.

Kisha wakatuambia tuhimize watu wazima wajiunge na madarasa ya kujifunza kusoma.

Wasomaji, hebu nifikirieni! Nilitunga mchezo wa Bwana Koti asiyejua kusoma, ambaye anaingia choo cha wanawake hospitalini na kuanza kuwafokea waliomo kwamba wamekosea mlango. Watu walianguka chini kwa kicheko. Wazee walifuta machozi. Na kisa chenyewe hakikuwa cha kubuni. Kilikuwa kimenipata mimi, mwili huu huu, mwaka uliotangulia. Nilimsimulia Samweli peke yake, tukacheka, kisha tukakipeleka jukwaani. Baada ya mchezo watu walikwenda kuandikisha majina ili wajifunze kusoma. Mimi nilivua koti, nikavaa miwani yangu, nikaenda nyumbani.

Ndivyo kazi ya uchekeshaji ilivyo. Unayachukua maisha yako, unayageuza kidogo, unawapa watu. Wao wanadhani umebuni, na wewe unaondoka na kidonda chako kimefunikwa kwa makofi.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Wakati wa maonyesho ya kilimo mjini Kisii alikuja bwana mmoja wa redio kutoka Nairobi, amebeba mashine ya kunasa sauti. Alitusikiliza mara mbili. Mara ya pili alitunasa. Alikuwa mtu mpole, anayeitikia kwa kichwa tu. Aliuliza jina langu na sanduku la posta ninalotumia, nikampa la kanisa. Akasema ataandika barua.

Kwa wiki sita sikulala vizuri. Nilikwenda kuuliza barua mpaka karani wa kanisa akachoka nami. Samweli naye alikuwa akinitumia salamu kila siku ya soko... imekuja? Imekuja?

Ilikuja siku ya Alhamisi. Bahasha ya rangi ya maziwa yenye muhuri, na juu yake jina langu. Hilo niliweza kulitambua! Kerubo alikuwa nyumbani anamenya ndizi. Nilipita mlangoni pangu nikiwa nayo mfukoni, nikamwambia natoka kidogo. Ningeweza kumpa pale pale. Alikuwa na darasa la nne lake, angeisoma barua ile kabla maji hayajachemka.

Lakini ningemwambiaje mke niliyeishi naye miaka saba kwamba sijui kusoma?

Nilipanda gari mpaka Magwagwa. Nilimkuta Samweli nje ya darasa lake, wanafunzi wameshakwenda nyumbani. Aliipasua bahasha kwa kidole, akaisoma kimya mpaka mwisho. Nilimtazama usoni. Uso wake haukubadilika, ila aliisoma mara ya pili. Kisha akakaa kwenye ngazi.

"Omosani," aliniambia, "wanashukuru kwa kazi nzuri. Lakini wanasema sauti yako haifai redioni. Haisikiki vizuri kwenye mashine. Na nafasi ni moja tu, wamempa mtu mwingine."

Nilimuuliza kama ni lile tatizo la lafudhi, maana siku zote watu wa mjini walinicheka jinsi ninavyotamka. Alisita kidogo, akasema ndiyo, na hilo wamelitaja. Akaikunja barua vizuri, akanirudishia. Alinirudishia mkononi! Alijua kwamba kwangu karatasi ni karatasi tu.

Nilirudi nyumbani usiku. Barua nikaifungia kwenye sanduku langu la bati pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kerubo aliniuliza nina nini, nikasema naumwa na kichwa.

Baada ya mwezi hivi Samweli alikuja kuniaga. Alisema ndugu wa mama yake amempatia kazi ya ukarani Nairobi, ualimu umemchosha. Tulikula ugali na kuku, mama yangu akamuombea safari njema. Alipokuwa anaondoka aliomba jambo moja, kwamba nimpe lile koti, apate la kunikumbukia akiwa mbali, maana sisi wawili hatutacheza tena.

Nilikwenda chumbani nikalitoa mwenyewe. Nikalipangusa vumbi. Nikampa.

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kusaidia kuporwa kama nilivyosaidia mimi!

Ulipita karibu mwaka. Nilijaribu kuchekesha peke yangu, lakini bila wa kuniuliza maswali haikuwa tamu. Nilirudi kwenye chai yangu. Halafu Jumapili moja alasiri nilikuwa Nyakoe kutafuta mbegu. Pale sokoni palikuwa na duka la Mzee Hamadi, mfanyabiashara Mwislamu ambaye familia yake ilihamia huku zamani, na redio yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Watu walikuwa wamejaa nje ya duka, wengine wamekaa juu ya magunia. Wote wanacheka.

Nikasogea. Nikasikia mtu anakohoa mara mbili.

Nilisimama palepale. Kile kilikuwa kikohozi cha amu yangu! Ikafuata sauti ya Bwana Koti akieleza jinsi alivyoingia choo cha wanawake hospitalini. Maneno yangu, moja baada ya jingine. Hata pale ninapovuta pumzi, palivutwa pumzi.

Na mnajua nilihisi nini kwanza? Furaha! Nilidhani ile mashine ilininasa na sasa wameamua kunicheza. Nilimshika bega mtu wa karibu, nikamwambia kwamba ni mimi yule, ni mimi. Nikawaambia wote. Mzee Hamadi akaniangalia kwa huruma, akaniambia nitulie tusikie mpaka mwisho.

Mwishoni mtangazaji alitaja jina la mchekeshaji mpya aliyetoka nyanda za juu za Kisii, Bwana Koti mwenyewe... Samweli. Jina lake na la baba yake.

Watu waligeuka kunitazama. Mmoja akauliza kama nilikuwa nimekunywa.

Nilijipa maelezo mengi kwa ajili yake, wasomaji. Nilisema labda redio ilimtafuta baadaye, huko huko Nairobi, naye akaona aibu kuniambia. Nilisema sauti yangu haifai, yake inafaa, acha angalau Bwana Koti aishi. Mtu akimpenda rafiki, atamtetea hata mbele ya ushahidi.

Lakini mabaya yalikuwa yanakuja. Siku ya soko Nyamache, watu walionijua waliniomba niwachekeshe kama zamani. Nikasimama, nikakohoa mara mbili. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti kwamba namuiga yule wa redioni na wala simpatii. Wengine wakacheka, si kwa mchezo wangu... walinicheka mimi. Ganda la ndizi likanipata kifuani. Ofisi ya maendeleo nayo ikaniletea neno kwamba hawanihitaji, watu wanataka kusikia mambo mapya.

Mambo mapya! Mimi niliyemtoa Bwana Koti kwenye ukoo wangu, sasa nilikuwa mwigaji wa Bwana Koti.

Nikaanza kunywa chang'aa. Mimi, niliyekuwa nikisimama na Biblia mbele ya kanisa! Walinionya mara mbili, kisha nikaondolewa kwenye ushirika, na mama yangu alikuwepo jina langu likitajwa. Nyumbani nilinyamaza. Watoto waliacha kunikimbilia. Kerubo aliyezoea kushika mbavu kwa hadithi zangu, sasa alikuwa akiniwekea chakula na kwenda kukaa na mama.

Hali ya mama ikawa mbaya. Kifua kilimbana, miguu ikavimba. Nilimpeleka hospitali, wakamlaza siku nne, wakamruhusu na dawa pamoja na karatasi. Muuguzi alinieleza mambo kwa haraka, nami kichwa changu, kile kilichokuwa kinashika kila neno, kilikuwa kimeharibiwa na pombe. Nilipofika nyumbani Kerubo aliomba kuiona karatasi. Nikaivaa miwani yangu, nikaitazama, nikamwambia wamesema mama amalize dawa na apumzike tu. Nikaifungia kwenye sanduku.

Siku tatu baadaye nilirudi kutoka kilabuni saa tisa alasiri, nikakuta nyumba imefungwa na mama hayupo. Jirani akaniambia Kerubo amemkodishia mama gari la mboga na kumrudisha hospitali. Karatasi ilikuwa imeandikwa arudi baada ya siku tatu, bila kukosa, atolewe maji kifuani.

Mama alipona. Namshukuru Mungu, na baada ya Mungu namshukuru mke wangu.

Kerubo aliporudi kesho yake alinikuta nimekaa mlangoni. Sanduku langu la bati lilikuwa wazi kitandani, kufuli imevunjwa kwa jembe. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea kwa kuvunja sanduku langu, na nilimfokea kweli, Mungu anisamehe. Nikamuuliza nani alimruhusu.

Alikuwa na karatasi mbili mkononi. Ya hospitali aliiweka mezani. Ile nyingine ilikuwa bahasha ya rangi ya maziwa.

"Baba Moraa," alisema, maana Moraa ndiye mtoto wetu wa kwanza, "hii barua Samweli alikusomea vipi?"

Nikamuuliza kwa nini anadhani Samweli alinisomea, mimi si nina macho yangu?

"Nilijua tangu mwezi wa kwanza," akasema. "Yale magazeti nilikuwa nayatandika kwenye rafu ya vyombo. Nilitafuta habari ya yule mwanamke wa watoto wanne, sikuiona. Nikasema, mume wangu anatunga vizuri kuliko wanaoandika. Nilikuwa nangoja uniambie."

Miaka tisa! Alingoja miaka tisa!

Kisha akaisoma. Alisoma taratibu, akifuata kwa kidole. Bwana wa redio alikuwa ameandika kwamba wamependezwa mno na sauti yangu. Kwamba lafudhi yangu ya nyumbani ndiyo hasa waliyoitaka, kwa kuwa hawana nyingine kama hiyo. Kwamba nafasi ni moja tu, na wananiomba nifike Nairobi kabla ya mwisho wa mwezi. Na kuhusu mwenzangu anayeigiza mke, wanamshukuru kwa kazi nzuri, ila sauti yake haifai redioni, haisikiki vizuri kwenye mashine.

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Mnaona alichofanya? Samweli hakutunga hata neno moja. Kila alichonisomea kilikuwemo kwenye barua. Alichukua tu sehemu yangu akajipa, na sehemu yake akanipa mimi.

Nililia mbele ya mke wangu kwa mara ya kwanza. Sikulilia redio. Nilikumbuka zile dakika nilipopita mlangoni na barua mfukoni, naye ndani anamenya ndizi.

Mwezi uliofuata tulisikia kwamba Bwana Koti wa redioni anakuja kuchekesha watu Nyamira, kwenye sherehe za sikukuu. Nilikuwa sijanywa kwa wiki tatu. Kerubo hakunizuia, alisema tu kwamba tutakwenda wote wawili.

Nilimkuta Samweli katika darasa la shule iliyopakana na uwanja, anavaa. Alikuwa amenenepa. Koti la amu yangu lilimbana mabegani. Aliponiona alifungua mikono kunikumbatia, mimi nikamnyooshea barua. Aliitambua kabla hajaishika. Mikono ikashuka.

Hakukana, hilo namshukuru. Alisema aliwaambia wa redioni kwamba nimekataa kwa sababu ya kanisa, na kwamba anaweza kuitoa sauti yangu kama nilivyoitoa mimi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia ukweli, twende wote, tuwaombe wamchukue na yeye. Ningemwombea hata kwa magoti!

Alikaa kwenye dawati la watoto.

"Kule wanakupa karatasi," alisema. "Unasimama mbele ya kipaza sauti unasoma. Ungesoma nini wewe? Ungerudi baada ya siku moja, na Kenya nzima ingejua. Mimi nilikuficha."

"Hukunificha," nikamwambia. "Ulijificha ndani yangu."

Nikasema nitatoka niwaambie watu wote. Akanitazama. Sikuona chuki usoni mwake, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Nilimwona ni yule yule niliyechunga naye.

"Waambie," alisema. "Lakini itabidi uwaambie pia ilikuwaje ukashindwa kuisoma barua yako mwenyewe."

Hapo aliamini amenifunga mdomo. Miaka yote aliitunza siri yangu, kumbe ilikuwa imekaa kama kamba mkononi mwake. Nami nilisimama pale nikipima. Upande mmoja ukweli, upande mwingine aibu... na nje nilisikia watu wanapiga makofi wakimwita Bwana Koti.

Nilitoka nikapanda jukwaani.

Umati ulikuwa mkubwa. Nilimwona Kerubo mbele, kushoto. Nilivua miwani yangu nikaishika mkononi. Nikawaambia jina langu na kijiji changu. Nikawaambia kwamba Bwana Koti ni mimi, kwamba koti ni la amu yangu. Nikasema sijui kusoma. Nikasema nilivaa miwani hii miaka yote nikimdanganya mke wangu, nikashika Biblia nikiidanganya hadhira ya kanisa, na nilipopata barua ya bahati yangu nilimpelekea rafiki, naye akanisomea yake.

Kisha mtu mmoja akacheka.

Halafu wengine. Halafu uwanja mzima! Walidhani ni mchezo... walidhani huu ndio ufunguzi! Kadiri nilivyosema ni kweli, ni kweli jamani, ndivyo walivyozidi kuvunjika mbavu. Mwanamke mmoja aliinua mtoto wake ili anione. Na Samweli akatoka darasani na koti lake, akaja akasimama kando yangu, akakohoa mara mbili, akauliza watu kwa ile sauti yangu huyu bwana anadai nini. Kicheko kikapasuka kama radi.

Katika maisha yangu yote sijawahi kuchekwa vile. Siku zile zote za mabaraza, za banda la pareto, sikuwahi kupata kicheko kama nilichokipata siku niliyosema kweli.

Mtu mmoja tu hakucheka. Kerubo alipita katikati ya watu, akapanda jukwaani na viatu vyake mkononi, akanishika mkono. Watu wakampigia makofi, wakidhani ni Bi Koti mpya. Tukashuka. Tulitembea mpaka stendi.

Hayo yamepita miaka kadhaa sasa. Kipindi cha Samweli kiliendelea kwa muda, kisha kikafifia, watu wanasema alianza kurudia yale yale. Sijui aliko. Sijampeleka mahakamani, maana ningemshtaki kwa kosa gani? Wengi hapa kijijini hata leo wanaamini Bwana Koti alikuwa wake, na mimi ni yule jamaa aliyepanda jukwaani akachekesha siku moja Nyamira. Sijabishana nao tena.

Nilijiandikisha darasa la watu wazima, nikakaa benchi moja na mabibi vikongwe. Nyumbani mwalimu wangu alikuwa Kerubo. Mkali huyo! Kanisa lilinipokea tena baada ya mwaka, na niliposimama kusoma fungu nilikwama mara nne, na hakuna aliyetikisa kichwa kwa furaha isipokuwa mama.

Ndugu zangu mnaosoma, nawasihi. Huenda siri yako si kusoma. Huenda ni ugonjwa, au kazi uliyofukuzwa, au jambo ulilofanya ujanani. Umeificha nyumbani kwa sababu unaogopa kushuka machoni mwa watu wako, ukaipeleka nje kwa rafiki ambaye mbele yake huoni haya. Mimi nilifanya hivyo. Nilimpa rafiki barua, nikampa koti, nikampa hata sauti ya marehemu amu yangu, ilimradi mke wangu asijue jambo ambalo alikuwa analijua.

Usipite mlangoni pako kama nilivyopita mimi siku ile ya Alhamisi. Ingia ndani, ukae, umwambie aache kumenya ndizi kidogo.